Habari za Tharia Topan, Tajiri wa Unguja

Kila mtoto aliyezaliwa Tabora amepata kusikia habari za misafara ya zamani. Ameonyeshwa miembe mikubwa ambayo Waarabu waliileta, na pengine amepelekwa Kwihara kulitazama tembe alimokaa Livingstone katika mwaka wa 1872. Majina ya Fundikira, Mirambo na Tippu Tip anayajua tangu utoto. Lakini wachache tu huuliza swali moja lililo jepesi: vitu vile vyote vilivyobebwa vichwani na mabegani mwa watu, nguo, shanga na masango, vilikuwa mali ya nani? Havikuwa mali ya mpagazi. Mara nyingi havikuwa hata mali ya Mwarabu aliyekwenda mbele ya msafara na bendera nyekundu. Ukitaka kumjua mwenye mali yalikupasa kushuka njia yote, kupita Ugogo na Mpwapwa mpaka Bagamoyo, ukavuka bahari kwenda Unguja, ukaingia katika duka la Mhindi mmoja aliyeketi mbele ya daftari zake. Jina lake lilikuwa Tharia Topan.

Tharia alizaliwa mwaka wa 1823 katika mji wa Lakhpat, nchi ya Kutch, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Zamani Lakhpat ulikuwa mji wa neema, maana mkono mmoja wa mto Indus ulipita karibu nao, na mashua zikaleta mpunga na bidhaa. Lakini mwaka wa 1819, miaka minne kabla ya kuzaliwa kwake, ardhi ya Kutch ilitetemeka kwa nguvu nyingi. Pahali pengine nchi ilishuka, pahali pengine ikainuka kama boma refu la udongo, na maji ya mto yakazuiwa yasifike Lakhpat tena. Mashamba yakakauka, biashara ikapungua, na watu wakaanza kuutoka mji. Basi Tharia alizaliwa katika mji uliokuwa ukifa, kwa wazazi wasio na mali. Walikuwa Waislamu wa jamaa ya Wakhoja, wafuasi wa madhehebu ya Ismailia.

Jinsi alivyokuja Unguja husimuliwa na watu wa jamaa yake hivi. Akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, alifanya utundu wa kitoto mjini, na mtu mmoja mwenye hasira akamfukuza. Mtoto akakimbia mpaka pwani, akajificha ndani ya jahazi. Hapo akapitiwa na usingizi au akaogopa kutoka, na alipoonekana nchi ilikuwa imekwisha kutoweka nyuma yao. Nahodha hakuweza kumrudisha. Tanga lilikuwa limejaa upepo wa kaskazi, na upepo ule huelekea upande mmoja tu kwa miezi kadha wa kadha; atakaye kurudi Bara Hindi hana budi kuungoja upepo wa kusi. Hivyo mtoto akafika Unguja bila ndugu na bila fedha. Labda masimulizi haya yameongezwa chumvi kidogo, kama yalivyo masimulizi mengi ya utoto wa matajiri. Lakini hakuna shaka kwamba alifika angali mtoto, na kwamba alifika maskini.

Wakati ule Unguja ilikuwa chini ya Seyyid Said, aliyekuwa sultani wa Maskati pia. Mji ulikuwa ukikua upesi. Merikebu za Wamarekani zilikuja kutoka Salem zikileta nguo nyeupe ya pamba, ile ambayo watu wa bara waliita merikani kwa jina la nchi ilikotoka, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Ushuru wa bidhaa hizi haukukusanywa na watu wa sultani. Sultani aliikodisha forodha kwa tajiri mmoja. Tajiri akamlipa kila mwaka kiasi kilichopatanwa, kisha akajikusanyia ushuru mwenyewe, na kilichozidi kikawa faida yake. Kwa miaka mingi forodha ilishikwa na nyumba ya Jairam Shivji, Mbanyani wa Kutch, na wakili wa nyumba ile aliyejulikana zaidi Unguja aliitwa Ladha Damji.

Katika nyumba hii Tharia alipewa kazi. Kwanza alikuwa mtumishi wa kufagia na kutunza bustani. Mchana aliona makarani wakiandika majina ya majahazi, hesabu za pembe na uzito wa karafuu, naye hakujua hata herufi moja. Usiku, kazi zikiisha, akajifunza kusoma, kuandika na kufanya hesabu. Wakuu wake walipotambua kwamba mtoto wa bustani aweza kutunza daftari, walimwingiza ofisini. Hata alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alikuwa amepanda kuwa karani aliyetumainiwa. Yafaa tukumbuke hapa kwamba yeye alikuwa Mwislamu na mabwana wake walikuwa Wabanyani. Dini zao zilikuwa mbali, wala hawakula chakula pamoja. Hata hivyo walimpa funguo.

Baadaye akaanza biashara yake mwenyewe. Aliuza pembe na karafuu kwa Wamarekani na kwa Wazungu, akanunua nguo kutoka kwao, akatuma mali Bombay na kupokea mali kutoka huko. Lakini kazi iliyolifikisha jina lake mpaka Tabora na Ujiji ilikuwa kukopesha.

Siku zile hapakuwa na benki Unguja. Mwarabu au Mswahili aliyetaka kwenda bara kutafuta pembe alihitaji nguo nyingi, shanga za rangi zipendwazo, masango ya shaba, bunduki na baruti, pamoja na posho ya watu wa safari yote. Mali ya namna hiyo hakuwa nayo. Basi alikwenda kwa tajiri, na tajiri akampa, si fedha mkononi, bali bidhaa. Hati ikaandikwa. Katika hati ilisemwa kwamba baada ya miaka miwili au mitatu mkopaji ataleta pembe zenye thamani fulani. Thamani ile ilikuwa kubwa kuliko bei ya bidhaa alizopewa, na pengine kubwa mno. Waislamu hawaruhusiwi kula riba, kwa hiyo faida ilifichwa ndani ya bei. Mwenye shamba la karafuu au nyumba aliweka rahani. Asiye na kitu aliweka neno lake na jina la baba yake.

Sasa tazameni hatari aliyoichukua mkopeshaji. Bidhaa zilipovushwa Bagamoyo, zikafungwa mizigo ya frasila mbili mbili hivi, yaani ratili sabini, hakuwa na nguvu juu yake tena. Mbele yake palikuwa na mwendo wa maili mia tano mpaka Tabora. Msafara mwepesi wenye bahati uliweza kufika kwa miezi mitatu. Burton na Speke katika mwaka wa 1857 walitumia siku 134. Katika Ugogo watemi walidai hongo kwa kila msafara uliopita, doti kadha za nguo kwa huyu na doti kadha kwa yule, na maji ya visima vyao hayakutekwa bure. Ndui iliingia kambini. Wapagazi walikimbia usiku na mizigo yao. Mvua ziliozesha nguo. Na kama yote yalikwenda vyema, pembe zilikuwa bado mbali zaidi, ng'ambo ya ziwa la Tanganyika au katika misitu ya Manyema. Mtu aliyeshindwa kulipa deni lake aliogopa kurudi pwani, akajenga bara, akaoa, akazeeka huko. Waarabu kadha wa Tabora na Ujiji waliishi hivyo, na sababu yake haikuwa mapenzi ya nchi peke yake.

Mzigo wenyewe, siku baada ya siku, uliwakalia babu zenu. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri katika njia ile yote, wala hawakungoja kufundishwa na mgeni. Kabla Waarabu hawajajenga Tabora wao walikuwa wamekwisha kushuka pwani wakichukua pembe za watemi wao. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa mtu mzima. Waliondoka baada ya mavuno, wakapenda kurudi kabla mvua hazijaanza ili wakalime. Kirangozi alitangulia na manyoya kichwani, ngoma ikalia, na msafara ukamfuata mmoja mmoja katika njia nyembamba. Bila mabega yale hati za Tharia zisingalikuwa na thamani kupita ile ya karatasi yake.

Miongoni mwa wakopaji wa Tharia alikuwako mmoja aliyewapita wote, naye ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip. Watu wa Tabora walimjua vyema, maana baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa amejenga karibu na mji, akaoa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Mwaka wa 1870 Tippu Tip alijitayarisha kwa safari yake kubwa ya tatu. Tharia akamwamini kwa mali nyingi. Msafara ukaondoka pwani.

Pima mwenyewe saburi ya mtu yule aliyebaki Unguja, maana miaka iliyofuata ilikuwa mibaya. Ugonjwa wa kipindupindu ulikuwa umeingia Unguja mwishoni mwa mwaka wa 1869, ukaua maelfu ya watu mjini na mashambani. Mwezi wa Oktoba, 1870, Sultani Majid akafa, na ndugu yake Barghash akashika kiti. Mwaka uliofuata habari mbaya zikashuka kutoka bara. Waarabu wa Tabora walikuwa wamegombana na Mirambo, mtemi wa Urambo, juu ya haki yake ya kutoza hongo na juu ya watoro waliokimbilia kwake. Mwezi wa Agosti, 1871, walikwenda kumpiga, na Stanley, aliyekuwa akipita kumtafuta Livingstone, akafuatana nao. Wakashindwa. Kisha Mirambo akaja Tabora yenyewe. Akamwua Khamis bin Abdulla, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wao, akachoma moto sehemu ya mji. Njia ya kwenda Ujiji ikafungwa, vita vikaendelea kwa miaka kadhaa, na pembe zikawa haba katika soko la Unguja. Tena mwezi wa Aprili, 1872, tufani kubwa ikapiga kisiwa, ikang'oa mikarafuu kwa maelfu na kuvunja majahazi bandarini. Kwa tajiri aliyekopesha juu ya pembe na kushika rahani ya mashamba ya karafuu, huko ni kupigwa shavu la kulia na la kushoto kwa pamoja.

Matajiri wengine katika hali kama ile waliwabana wadeni wao mpaka wakawafilisi. Tharia naye hakuwa mtu wa kugawa mali ovyo, wala tusidhani alikopesha kwa huruma. Alijua hesabu yake. Lakini aliweza kungoja, na sifa hii ilijulikana. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tano. Tippu Tip alikuwa amezama katika nchi za mto Lualaba, akipiga vita na kujifanya mtawala wa Manyema. Mwaka wa 1874 Cameron alimkuta huko. Mwaka wa 1876 Stanley alimkuta tena. Hakurudi pwani mpaka mwaka wa 1882, alipopita Tabora na msafara mkubwa wa pembe, akashuka mpaka Unguja. Bidhaa zilizotolewa mwaka wa 1870 zililipwa baada ya miaka kumi na miwili. Mtoto aliyezaliwa siku ile msafara ulipoondoka alikuwa na umri kama ule Tharia aliokuwa nao aliposhuka katika jahazi.

Stanley alijuana na Tharia tangu mwaka wa 1871. Katika kitabu alichopiga chapa mwaka wa 1878 alimtaja kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Unguja, mtu aliyejipatia mali kwa juhudi yake, mwaminifu, mwenye haki, mshika dini yake sana na mkarimu. Stanley hakuwa mwepesi wa kusifu watu, na maneno yake juu ya wafanya biashara wengine ni makali.

Barghash naye alimtegemea. Mwaka wa 1876 Tharia alikodi forodha ya Unguja. Hivyo yule aliyefagia katika nyumba ya wenye forodha akawa yeye mwenyewe mwenye forodha, na makarani wakamwandikia hesabu. Husemekana alikuwa tajiri kupita wafanya biashara wote wa kisiwa.

Lakini kuna upande mwingine wa habari hii, na si haki kuuacha. Misafara ile haikuchukua pembe tu. Watu pia walifungwa minyororo na kuletwa pwani, wanaume, wanawake na watoto, waliotekwa vitani au kuibiwa vijijini. Wengi walikufa njiani. Waliofika waliuzwa katika soko la Unguja, mpaka mwezi wa Juni, 1873, Barghash alipotia sahihi mapatano na Waingereza na soko likafungwa. Mwaka wa 1876 alikataza pia misafara ya watumwa kushuka kutoka bara. Wahindi wa Kutch waliohesabiwa kuwa chini ya ulinzi wa Waingereza walikuwa wamekatazwa kuwa na watumwa tangu zamani, na mwaka wa 1860 Balozi Rigby aliwapa hati za uhuru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwao. Hata hivyo, mtu aweza kuwa hana mtumwa hata mmoja nyumbani mwake, na mali yake ikawa inatembea bara pamoja na minyororo. Baruti iliyokopeshwa Unguja ndiyo iliyolia Manyema. Tippu Tip alipata pembe zake kwa biashara, na pia kwa vita, na watu waliotekwa katika vita vile ndio waliozibeba.

Tharia alijua kiasi gani cha mambo haya? Alikuwa mtu mwenye akili, mwenye masikio, na habari za bara zilimfikia kwa kila msafara. Ni vigumu kudhani kwamba hakujua. Baadaye alisimama upande wa wale waliotaka biashara ya watumwa ikome, na Waingereza wakamhesabu kuwa rafiki katika kazi ile. Wala hakuwa peke yake katika hali hii, maana karafuu za Unguja zilichumwa na watumwa, na walaji wake walikuwa Ulaya, Marekani na Bara Hindi. Meno ya ndovu yaliyotoka Manyema yalikatwa yakawa vifuniko vya vidole vya piano katika nyumba za Wamarekani waliolaani utumwa kwa moyo wao wote.

Tuiache habari ya biashara, tuje kwenye jambo alilolitenda katika uzee wake.

Mji wa Unguja ulikuwa na majumba makubwa ya mawe na njia chafu. Barghash alileta maji safi mjini kwa mifereji, nalo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mgonjwa maskini hakuwa na pa kwenda. Mabaharia walioshuka na homa, wachukuzi wa bandarini na watu huru wasio na jamaa walilala walipoweza. Kipindupindu cha mwaka wa 1869 hakikusahauliwa. Basi mwaka wa 1887, ulipotimia mwaka wa hamsini wa utawala wa Malkia Victoria, Tharia alitangaza kwamba atajenga hospitali kwa mali yake mwenyewe, na itakuwa ya wagonjwa maskini. Jiwe la msingi likawekwa mwaka ule mbele ya bandari, mahali pa kuonekana na kila merikebu iingiayo.

Hakutaka jengo la kuombea radhi. Mafundi waliletwa kutoka Bara Hindi. Wakajenga nyumba ya ghorofa yenye roshani za mbao zilizochongwa kama kazi ya sonara, yenye vioo vya rangi na ua katikati wa kuingiza mwanga na hewa. Mtu aweza kuuliza kama mgonjwa wa homa anahitaji roshani za nakshi. Pengine hakuzihitaji. Lakini wachukuzi na mabaharia walikuwa wakijengewa jumba zuri kuliko majumba ya matajiri wengi waliowatuma kazi.

Mwaka wa 1890 Malkia Victoria alimpa Tharia cheo cha heshima, akawa Sir Tharia Topan. Kazi ya hospitali ilikuwa ingali ikiendelea. Mwaka wa 1891 akafa huko Bombay, naye ni mtu wa miaka sitini na minane. Hakuiona nyumba ikikamilika.

Mjane wake, Janbai, akaishika kazi. Alilipa mafundi, akasukuma ujenzi mbele, na mwaka wa 1894 jengo likaisha. Lakini mali ya marehemu iliingia katika ugomvi wa urithi. Fedha za kununua dawa, kulipa waganga na kuwalisha wagonjwa hazikupatikana, na jumba lilibaki pale bandarini na milango yake imefungwa. Mwishowe likauzwa. Mwaka wa 1900 lilikuwa mikononi mwa mwenye mali mwingine. Huyu akafungua duka la dawa na chumba cha mganga katika ghorofa ya chini, na juu akapangisha watu. Hapo wagonjwa wakaanza kuingia. Haikuwa hospitali kubwa ya bure kama alivyokusudia Tharia, lakini kwa miaka mingi watu wa Unguja walipata dawa katika nyumba ile, wakaiita kwa jina hilo la nyumba ya dawa.

Katika miaka ile ile Mhindi mwingine wa misafara alifanya kazi ya namna hiyo bara. Huyu ni Sewa Haji wa Bagamoyo, aliyewauzia wasafiri bidhaa na kuwatafutia wapagazi. Alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya watu wasio Wazungu, akafa mwaka wa 1897. Hospitali ile haipo tena, ila jina la Sewahaji limebaki katika jengo moja la wagonjwa huko Muhimbili.

Misafara yenyewe haikudumu. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka wa 1912, na mzigo uliochukua miezi mitatu begani ukawa safari ya siku chache. Daftari za wakopeshaji zikafungwa, na vijana wa Unyamwezi wakatafuta kazi nyingine, katika reli na katika mashamba ya mkonge.

Jumba la Tharia lilichakaa sana baada ya mwaka wa 1964. Mbao za roshani zikaoza, na paa likaingiza mvua. Katika miaka ya 1990 shirika la Aga Khan la utamaduni likaanza kulitengeneza. Maseremala wa Unguja wakachonga tena mbao zilizooza wakizifuata zile za kale, na vioo vikarudishwa mahali pake. Hakuna mgonjwa alazwaye humo. Lakini mtu yeyote wa Tabora atakayevuka kwenda Unguja kwa meli, akitazama mji kabla ya kushuka gatini, ataliona mbele yake, roshani zake zikielekea bahari ambako majahazi ya Kutch yalikuwa yakiingia na upepo wa kaskazi.